Kaza: Kijiji Kinachotegemewa na Bonde Zima

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba kijiji cha Kaza, kilichoko milimani nchini India, ndicho tegemeo la bonde zima. Yawezekanaje kijiji kidogo kikabeba mzigo huo? – Msomaji, Kasarani, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, Kaza kimo katika bonde la Spiti, jimbo la Himachal Pradesh, kwenye mwinuko unaozidi mita 3,600, yaani takriban mara mbili ya kimo cha Nairobi. Ukubwa wake si hoja. Hoja ni kwamba ofisi za utawala wa Spiti, hospitali, soko, stendi ya basi na kituo cha mafuta viko hapo, hivyo wakazi wa vijiji vya juu, kama vile Langza na Hikkim, hulazimika kuteremka wanapohitaji huduma hizo.

Barabara ndiyo inayoamua mengi. Ile ya kutoka mji wa Manali hupitia Kunzum, kipito cha mlimani kilicho kwenye zaidi ya mita 4,500, nayo hufungwa na theluji kwa miezi kadhaa kila mwaka, ikabaki ile ndefu ya wilaya ya Kinnaur itokayo mji wa Shimla. Handaki la Atal, lililofunguliwa mwaka 2020 kwenye njia hiyo ya Manali, limewafaa zaidi watu wa bonde jirani la Lahaul, kwa kuwa halikuiondoa Kunzum njiani. Kwa sababu hiyo kuni, chakula na lishe ya mifugo huwekwa akiba mapema, na minji, zao la biashara la bonde hilo, husafirishwa kabla ya majira ya baridi.

Ukinuia kuzuru, pitia Shimla, mwili uuzoee mwinuko taratibu.