Maktaba ya Pamoja: Ramani Imeshachorwa, Wananchi Mnawaitia Nini?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati inayoandaa maktaba moja itakayotumiwa na chuo kikuu chetu pamoja na wakazi wa mji. Ramani za awali ziko tayari, na mshauri mwelekezi ametuandalia dodoso la maswali 40 na mkutano mmoja wa hadhara. Tufanyeje watu wajitokeze kwa wingi, na dodoso lijazwe na watu wangapi ili matokeo yakubalike?

JIBU: Idadi nitaijibu kwa mstari mmoja. Dodoso linalojazwa na anayejisikia kulijaza haliwakilishi mji, hata likijazwa na watu elfu kumi. Kinachonikera ni kile ulichokitaja kwa kupita tu: ramani ziko tayari. Karibu kila mradi ninaoitwa kuutazama uko hivyo. Watu wanaalikwa harusini wakati ndoa imeshafungwa, kisha kamati inashangaa ukumbi umejaa viti vitupu.

Sherry Arnstein, mtaalamu wa Kimarekani wa sera za miji, aliliandika jambo hili mwaka 1969, alipochora ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vidato vinane. Kupashwa habari, kuombwa maoni na kutulizwa aliviweka vyote katika kundi la ushiriki wa jina tu. Mwananchi anaanza kugusa uamuzi kwenye kidato cha sita. Mkutano wenu na dodoso lenu haviwavushi cha nne.

Dhana inayonichosha zaidi ni kwamba wananchi wanahitajika ili waseme kama wanaipenda sura ya jengo. Ugomvi wa maktaba ya pamoja hauko kwenye kuta, uko kwenye kanuni. Mwanafunzi mwenye mtihani kesho anataka kimya hadi usiku wa manane. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu anataka saa ya hadithi, na mtoto huyo hanong'oni. Mhadhiri anahofia nakala pekee ya kitabu anachofundishia isiishie nyumbani kwa mtu. Kijana asiye na kitambulisho cha chuo anasimamishwa na mlinzi mlangoni, na kesho yake harudi. Nani ataazima nini, kwa siku ngapi, na faini ni ya nani? Dodoso linalouliza "Je, ungependa maktaba ya kisasa?" haliwezi kufichua lolote kati ya haya. Hakuna aliyewahi kulijibu hapana.

Tena msitangaze mkutanoni kwamba "kila kitu kitakuwa cha kila mtu." Leseni za majarida ya kielektroniki ambazo vyuo husaini kwa kawaida humruhusu mgeni kusoma akiwa ndani ya jengo tu, kusomea nyumbani ni kwa waliosajiliwa chuoni. Mkiahidi zaidi ya hapo mnagawa mali isiyo yenu, na atakayezomewa ni mkutubi wa zamu, wala si mwenyekiti wa kamati.

Huko San José, Marekani, maktaba ya ghorofa nane ya jiji na chuo kikuu ilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo baadhi ya wahadhiri waliupinga mpango huo waziwazi, wakihofia vitabu vyao vya utafiti. Hofu ya namna hiyo haiondolewi kwa hotuba. Pale vitabu havikuchanganywa: vya chuo vilibaki kwenye mpangilio wa Library of Congress, vya umma kwenye wa Dewey, mifumo miwili tofauti ya kupanga vitabu rafuni. The Hive, maktaba ya pamoja ya chuo na umma huko Worcester, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 2012, iliingiza ndani hata hifadhi ya nyaraka za kaunti. Basi hakuna kielelezo kimoja cha kunakili, na ndiyo sababu ya kuuliza mapema.

Kwa upande wenu, mwambieni msanifu asimame kwanza. Andikeni orodha mbili, yaliyokwisha kuamuliwa na yaliyo wazi bado, mzibandike hadharani. Kama orodha ya pili ni tupu, semeni hivyo, muokoe muda wa watu. Kama ina kitu, wafuateni wasioingia maktaba kabisa, maana wanaoingia mnawajua. Wakalisheni akina mama na wanafunzi mbele ya ramani moja, wabishane sehemu ya watoto ikae wapi; saa mbili za ubishi huo zitawafunza zaidi ya maswali 40. Na wakazi wawili au watatu waingie kwenye kamati wakiwa na kura, kabla chuo na mji havijasaini mkataba. Mkataba wenyewe useme nani analipa wafanyakazi, nani anaamua saa za kufungua, na mali inagawanywaje siku mmoja akijitoa.

Ninyi wengine mlio kwenye kamati za aina hii, jihadharini na washauri wanaouza ushirikishwaji kama kifurushi: dodoso, mkutano, picha, ripoti yenye jalada zuri. Huko ni kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kabla hamjamlipa, mwombeni awaonyeshe ramani au kanuni moja, katika kazi yake iliyopita, iliyobadilishwa na maoni ya wananchi. Mtu aliyeifanya kazi hii kweli ataanza kuwasimulia papo hapo, pengine kwa uchungu. Mwingine atafungua albamu ya picha za watu walionyoosha mikono.