Dopla kwanza, cheti baadaye

SWALI: Nina stashahada ya radiografia na huu ni mwaka wa sita napima ultrasaundi katika hospitali ya wilaya mkoani Morogoro. Siku ya kliniki ya wajawazito nafikisha wagonjwa 30, na jioni bega la kulia halinyanyuki. Nataka kupanda. Kuna wanaonishauri nikasome eko ya moyo (ultrasaundi ya moyo), wengine mishipa ya damu, wengine niombe kazi kwa wauza mashine. Nianzie wapi? Na vyeti vya nje vina maana?

JIBU: Pole na bega, dada, nitalirudia. Wagonjwa 30 kwa siku ni shule, ila ni shule ya darasa moja: umri wa mimba, mkao wa mtoto, kondo liko wapi, maji yanatosha au la. Miaka sita ya hayo inakupa mkono mwepesi, lakini haikupi ubobezi.

Kabla ya kuchagua tawi, jifunze Dopla vizuri, yaani kupima kasi ya damu kwa ultrasaundi. Matawi yote uliyotaja yanapita hapo: damu kwenye ateri ya kitovu, vali za moyo, mishipa ya shingo. Na ndipo wengi wetu tunapojikwaa, mimi nikiwemo. Niliwahi kuandika kwamba ateri ya shingo ya mzee mmoja imebana kwa nusu au zaidi. Akapelekwa kwenye CT, mshipa ukakutwa mzima. Kosa lilikuwa pembe, ile ya kati ya mawimbi ya mashine na mkondo wa damu, ambayo mpimaji huionyesha mashine kwa kulaza mstari juu ya mshipa. Tunafundishwa isizidi nyuzi 60. Yake ilikuwa 60, mimi nikaweka mstari kwenye 65. Nyuzi tano tu, lakini hapo zinapandisha kasi ya damu inayosomeka kwa asilimia 18 hivi: sentimita 110 kwa sekunde zikasomeka 130, na kiwango cha kushuku mbano wa nusu ni 125. Kosa hilohilo kwenye nyuzi 30 lingeongeza asilimia 6 tu. Mashine haikulalamika, picha ilikuwa safi kabisa.

Sasa matawi. Kwako ningechagua uchunguzi wa mtoto tumboni, kwa sababu wagonjwa unao tayari. Fetal Medicine Foundation ya London, iliyoasisiwa na Profesa Kypros Nicolaides, ina kozi za bure mtandaoni, ikiwemo ya kupima maji ya nyuma ya shingo ya mtoto kati ya wiki 11 na wiki 13 na siku 6, akiwa na urefu wa milimita 45 hadi 84. Cheti hukipati kwa kusoma tu: unawatumia picha zako, wanazikagua. Kukaguliwa huko ndiko ninakokupendea.

Eko ya moyo inalipa na inaheshimika, lakini usiisomee mbali na daktari bingwa wa moyo. Bila mtu wa kukuambia ripoti yako ya jana ilikosea, utakuwa unakosea kwa kujiamini. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam ni mahali pa kuulizia mafunzo. Mishipa ya damu ni nzuri penye daktari wa upasuaji wa mishipa. Wilayani utakaa bila kazi. Wauza mashine wanataka mtu wa kufundisha wateja vitufe na kusafiri sana. Sio kazi mbaya, ila mkono unapoa.

Kwa masomo rasmi, chuo kikuu cha Muhimbili wana shahada ya radiografia, KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, wana stashahada ya juu ya ultrasaundi, na Kampala kuna ECUREI, pale Hospitali ya Mengo, chuo kilichojikita kwenye fani hii hasa. Usilipe ada kabla ya kuuliza baraza lako la taaluma kama cheti hicho watakitambua.

Vyeti vya ARDMS, shirika la Marekani la kuthibitisha wapimaji wa ultrasaundi (RDMS kwa matawi kama tumbo na uzazi, RDCS kwa moyo, RVT kwa mishipa) vina uzito ukifikiria kufanya kazi nje. Kila kimoja kinadai mtihani wa fizikia na mashine, pamoja na mtihani wa tawi lenyewe. Kwa kubaki Morogoro, pesa hiyo anzia kwingine.

Na bega: mvute mama hadi ukingoni mwa kitanda, kaa juu kidogo, kiwiko kiwe karibu na ubavu, waya wa probu (kile kifaa cha mkononi) usiachwe uning'inie. Kama bado halinyanyuki asubuhi, muone daktari wiki hii.