Aliyepata njia ya kusimamisha maghorofa kwenye udongo laini wa Chicago

Ni John Wellborn Root, mzaliwa wa Lumpkin, Georgia (1850). Alihitimu uhandisi New York mwaka 1869, na mwaka 1873 akafungua ofisi ya usanifu majengo na Daniel Burnham. Burnham alihangaika na wateja, Root akachora. Kumtaja Burnham peke yake, kama wengi wanavyofanya, si haki.

Chini ya Chicago kuna udongo wa mfinyanzi uliolowa maji. Msingi wa kawaida enzi hizo ulikuwa piramidi ya mawe: mzito mno, na unameza nafasi yote ya chini ya jengo. Kwenye jengo la Montauk, ghorofa 10, Root alilaza reli za treni safu juu ya safu, kila safu ikikatiza ile ya chini yake, kisha akazizamisha kwenye zege. Zege tupu ikipinda hupasuka upande wa chini. Hapo ndipo reli zinapobeba, hivyo msingi unaweza kuwa mpana bila kuwa mnene. Zege nayo inazikinga reli na kutu.

Ila jengo bado hutitia. Likititia sawasawa hakuna neno. Likienda upande mmoja, kuta zinachanika. Jengo lao jingine la Chicago, Monadnock, ghorofa 16 zenye kuta za matofali karibu mita 1.8 unene chini, lilikadiriwa kushuka sentimita 20, na likapitiliza. Root hakuliona likikamilika. Alifariki kwa nimonia Januari 1891, maandalizi ya maonyesho ya dunia ya 1893 mjini Chicago yakabaki kwa Burnham.