Maswali ya Wasomaji: Je, Betty Robinson alirudije uwanjani?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Ninawafundisha riadha wasichana wa shule ya msingi, na hivi karibuni niliwasimulia kwamba mwanamke wa kwanza kushinda mbio za mita 100 katika Michezo ya Olimpiki alianguka na ndege, akadhaniwa amekufa, kisha akapona na kushinda tena. Hawakuniamini. Je, ni kweli? Na ikiwa mguu wake uliharibika, aliwezaje kukimbia?
Mwalimu wa michezo, Morogoro

JIBU: Mwalimu, uliyowaambia wanafunzi wako ni kweli kwa sehemu kubwa. Mwanamke huyo ni Betty Robinson wa Marekani, aliyezaliwa tarehe 23 Agosti 1911 huko Riverdale, jimbo la Illinois. Aliyekigundua kipaji chake ni mwalimu wake wa biolojia, Charles Price, ambaye alikuwa ameketi ndani ya treni akamwona msichana huyo akiikimbilia kwa mbali, akajua ataachwa, na mara akamkuta amekwishaingia behewani. Price alimpima kasi katika korido ya shule, na kwa kuwa shule haikuwa na timu ya wasichana, Betty akafanya mazoezi pamoja na wavulana.

Shindano lake la kwanza lilikuwa Machi 1928, na miezi minne baadaye alikuwa Amsterdam, katika Olimpiki ya kwanza iliyowaruhusu wanawake kushindana katika riadha, tena katika mashindano matano tu. Katika fainali ya mita 100 wakimbiaji wawili waliondolewa kwa kuanza kabla ya mlio wa bastola. Betty, akiwa na umri wa miaka 16, alimtangulia Fanny Rosenfeld wa Kanada kwa kutumia sekunde 12.2, akapata dhahabu, na baadaye akaongeza fedha katika mbio za kupokezana vijiti.

Ajali ilitokea Juni 1931, alipokuwa katika ndege ndogo pamoja na binamu yake. Inasimuliwa kwamba mtu aliyemkuta alimdhani maiti, akamlaza ndani ya buti la gari na kumpeleka kwa mtayarishaji wa maiti, ambaye ndiye aliyetambua kuwa bado yu hai. Kisa hiki kimepita vinywani mwa watu wengi, nami nisingekishikilia neno kwa neno. Yaliyo wazi ni kwamba aliumia vibaya mguu na kichwa, akalazimika kujifunza upya kutembea, na akaikosa Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1932.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, na kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko habari za buti la gari. Goti lake halikuweza tena kukunjika sawasawa, kwa hiyo hakuweza kuinama kwenye mstari wa kuanzia kama wakimbiaji wa mbio fupi wanavyofanya, na mlango wa mita 100 ukawa umefungwa kwake. Lakini katika mbio za kupokezana vijiti ni mkimbiaji wa kwanza peke yake anayeanza kwa kuinama, ilhali wengine watatu husubiri kijiti wakiwa wamesimama. Betty alijijenga upya kwa ajili ya nafasi hiyo, akachaguliwa kwenda Berlin mwaka 1936.

Huko alikimbia wa tatu, akimkabidhi kijiti Helen Stephens. Wajerumani, waliokuwa wameweka rekodi ya dunia katika mchujo, walikuwa mbele kwa mita kadhaa walipokiangusha kijiti katika makabidhiano ya mwisho, na Marekani ikashinda kwa sekunde 46.9. Wapo wanaosema ushindi huo ulikuwa wa bahati, nami siafikiani nao, kwa sababu kukifikisha kijiti salama ndiyo kazi yenyewe ya mbio hizo, na Betty aliifanya kwa mguu usiokunjika.

Betty alifariki tarehe 18 Mei 1999 akiwa na umri wa miaka 87. Ukitaka kuwatafutia wanafunzi wako picha zake, tafuta pia jina la Betty Schwartz, kwa kuwa alilichukua jina hilo la mumewe alipoolewa mwaka 1939.