Kundi la WhatsApp au jukwaa la useremala?

Ndugu, umeuliza ubaki kwenye makundi ya Facebook na WhatsApp au uhamie majukwaa ya zamani ya useremala (tovuti za mijadala), maana majibu unayopata yanapingana. Inategemea swali. Kutambua aina ya mbao, tupia picha kundini, utajibiwa upesi. Meza iliyopasuka katikati ipeleke jukwaani: eleza unene, mbao ilikaushwaje, uso wa meza umefungwaje kwenye fremu. Mara nyingi tatizo ni skrubu zinazoubana uso usiweze kutanuka wala kusinyaa, na mjadala kama huo jukwaani unaweza kuutafuta na kuupata hata baada ya miaka. Kundini unazama kesho yake (na nusu ya wachangiaji wanasifia tu). Mashine ya kupasulia mbao usijifunze kwa maoni ya mtandaoni. Tafuta fundi akusimamie.