Nani Huamua, na Nani Hulipia, Kazi ya Kuwarudisha Samoni Mtoni?

SWALI: Mhariri, ninaishi Kent, jimbo la Washington nchini Marekani, karibu na mto Green. Nimeona mitambo ikichimba mkondo mpya kwenye ardhi iliyokuwa shamba na kulaza magogo yenye mizizi yake majini, nikaambiwa ni kwa ajili ya samaki aina ya samoni. Je, nani huamua pa kuchimba, na fedha hutoka wapi? Na kwa nini wasitotoleshe vifaranga tu, wakawaachia mtoni? — Msomaji, Kent

JIBU: Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linalofungua mengine. Vifaranga hutotoleshwa tangu zamani: kituo cha Soos Creek, kwenye kijito kinachoingia mto Green, kilianza mwaka 1901. Hata hivyo, mwaka 1999 samoni wa aina ya Chinook wa Puget Sound, ghuba ambayo mto wenu humwaga maji yake, waliingizwa katika orodha ya serikali kuu ya viumbe walio hatarini, kwa sababu, pamoja na mambo mengine, kifaranga akiachiwa katika mto usio na pa kujificha huwa na nafasi ndogo ya kufika baharini. Mto wenu umebanwa na matuta ya kuzuia mafuriko, na maeneo oevu ya mlangoni mwake, palipo sasa na bandari na viwanda vya Seattle, karibu yote yamefukiwa. Nyuma ya gogo maji hupungua kasi, wadudu hukusanyika, na kifaranga mwenye urefu wa kidole hupata chakula bila kusombwa. Mkondo wa kando nao humhifadhi wakati wa mafuriko.

Kuhusu uamuzi, mwaka 1998 Bunge la Washington lilipitisha sheria iliyoweka mwanzo wa kazi hii mikononi mwa taasisi za wenyeji katika mabonde ya mito. Leo jimbo lina taasisi 25 za aina hiyo. Manispaa, kaunti, taifa la wenyeji asilia au shirika la hiari huleta pendekezo. Wataalamu wa mito hulikagua, mara nyingi kwa kufika penyewe. Kisha kamati ya wananchi hupanga miradi kwa kufuata umuhimu wake, na orodha hiyo ndiyo inayopelekwa kwenye bodi ya jimbo inayogawa ruzuku. Ardhi ya mtu binafsi haiguswi bila ridhaa yake. Mataifa ya wenyeji asilia, kama vile Muckleshoot kwenye mto Green, hayahudhurii kama wageni waalikwa: hukumu ya Jaji George Boldt ya mwaka 1974 ilithibitisha haki yao ya kimkataba ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa, na wao husimamia uvuvi pamoja na jimbo.

Fedha huchangwa kutoka ngazi kadhaa. Serikali kuu hutoa sehemu kupitia mfuko wa samoni wa Pwani ya Pasifiki ulioanzishwa mwaka 2000, jimbo huongeza kutoka bajeti yake ya maendeleo, na mara nyingi mwombaji naye huchangia sehemu ya gharama, iwe kwa fedha, kazi ya kujitolea au vifaa. Katika bonde lenu, kaunti na miji huchangia pia gharama za uratibu kwa mkataba wa pamoja, na mamlaka ya kudhibiti mafuriko ya Kaunti ya King hutoa ruzuku zake, jambo la busara kabisa, maana mto uliopewa nafasi ya kutanuka huwafaa samaki na wakazi vilevile.

Katika fedha hizo ndipo ninapoona udhaifu mkubwa. Ni rahisi zaidi kupata fedha za kuchimba mkondo kuliko za kumlipa mratibu anayewakutanisha wenye ardhi, wahandisi na wavuvi, au za kurudi kung'oa magugu yanayoisonga miti michanga kandokando ya mto. Miti hiyo si pambo: maji ya mto Green hupata joto kali kiangazi, na bila kivuli samoni wanaopanda kutaga huumia. Bajeti inayosahau miaka ya palizi huacha kazi nusu.

Mikutano ya bonde lenu iko wazi kwa umma. Omba ratiba ofisi ya manispaa, na ukihitaji mkalimani waeleze mapema. Ukifika, waulize nani atatunza mkondo ule mpya, kwa muda gani, na kwa fedha zipi.