Omicron iliwapataje waliokwisha kupona?

Mdogo wangu, unauliza kwa nini modeli yako ya Kisumu, yaani hesabu inayoiga jinsi ugonjwa unavyoenea mjini, inazima Korona baada ya wimbi la Delta la 2021, ilhali mwishoni mwa mwaka uleule aina mpya ya kirusi, Omicron, iliwaambukiza hata waliopona. Shida ni kundi la waliopona: umewafungia humo milele, kana kwamba hawawezi kuambukizwa tena.

Chukua hesabu ya mfano. Pasipo kinga yoyote, mgonjwa mmoja anaambukiza watu 4. Robo tatu ya mji wakiwa na kinga, anaambukiza 1 tu. Aina mpya ikikwepa theluthi ya kinga hiyo, wanaolindwa ni kama nusu ya mji, na mgonjwa anaambukiza 2. Nguvu yake ya asili haijaongezeka hata kidogo! Ndiyo maana grafu ya wagonjwa pekee haikwambii kama kirusi kinaambukiza zaidi au kinakwepa kinga. Tafuta takwimu za walioambukizwa mara ya pili.

Wafungulie waliopona njia ya kurudi kwenye kundi la wanaoweza kuambukizwa. Kinga ya kutougua sana itenge na ya kutoambukizwa, kwani ya kwanza hudumu zaidi. Umri utauongeza baadaye. Halafu, Kisumu si kisiwa: matatu za Busia na Kakamega zinaingia kutwa, kwa hiyo ingiza wageni wachache wenye maambukizi kila wiki.